Matabaka Matatu kwa Mguu wa Veronika

Nyie mliobaki kwenye meza ya kukatia pale Kihonda mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Mengi nimeshayasahau. Niliyobakiza hunijia alasiri, nikiwa nimekaa barazani kwangu Mwembesongo, mlima umejifunika ukungu hadi kiunoni, nami sijui vizuri kama nakumbuka au naota. Yasomeni hivyo hivyo. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache, na mshahara nao tuuache upumzike. Ulichoka kabla yangu.

Nilianzia kwenye kiwanda kikubwa cha nguo, kile cha umma, wakati bado kikinguruma mchana na usiku. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Vumbi la pamba lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa madirisha ya juu, jeupe, polepole, na chini yake watu walikuwa wanatembea bila kusikika kwa sababu ya kelele za mitambo. Nilikuwa msichana mgeni, nimetoka Handeni na sanduku la bati. Nilifikiri, hapa nimelala, muda si mrefu mama ataniamsha nikachote maji. Aliyeniamsha ni Mzee Kobelo.

Mzee Kobelo alikuwa fundi mkuu wa kukata, Mluguru wa Matombo, mfupi, mwenye mkasi uliofungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia mimi Mzigua alipiga makofi mpaka wenzake wakageuka.

"Mtani wangu!" alisema. "Wameniletea mwizi wa kuku nimfundishe mkasi!"

Kwa nyie vijana mnaotaniana na kila mtu kwenye simu, nieleze kidogo. Sisi Wazigua na hawa Waluguru ni watani toka enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, kukuvua kofia akaondoka nayo, hata kulala njiani kwenye msiba wako jeneza lisipite mpaka apewe haki yake. Nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Kwa hiyo Mzee Kobelo alinitukana kila asubuhi kwa miaka mingi, na sijapata kupendwa na mwalimu kama nilivyopendwa na yule.

Alikuwa na sheria moja tu: kingo zikutane. Mnatandika kitambaa, mnatandika kingine juu yake, na kingine, mpaka rundo linafika kifuani. Halafu mnakata mara moja, toka juu hadi chini. Akimaliza alikuwa anafumba macho na kupitisha kidole gumba ubavuni mwa rundo. Akisikia uzi mmoja umechungulia, rundo zima unapanga upya. "Zaina," aliniambia mara nyingi, "wewe unaota umesimama. Ota, sikukatazi, ila mkono usiote."

Kisha ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuleta bidhaa za nje. Mitumba ikajaa sokoni, vitenge vya nje vikaingia kwa bei ya kutupa, na mitambo yetu ikaanza kunyamaza mmoja mmoja. Watu husema kiwanda kilikufa. Mimi nilikiona kama kinasinzia: leo mashine hii, wiki ijayo ile, mpaka siku moja nikasikia ndege wakilia ndani ya jengo, nikagundua kumbe walikuwamo siku zote. Tukaambiwa serikali imetafuta mnunuzi, na sisi twende nyumbani. Nililia hadharani, sikuona haya. Mzee Kobelo hakulia. Alifungua kamba kiunoni, akauangalia mkasi wake, akaifunga tena.

Aliyetuokota ni mmoja wa mainjinia wa kiwanda kile kile. Alichukua mitambo michache ya kufumia, akakodi banda Kihonda, akaanza kutengeneza shashi na bendeji za hospitali. Ndiyo karakana yenu hiyo. Wakati ule ilizungukwa na mashamba ya mahindi, na mbuzi walikuwa wanaingia kuonja bidhaa.

Shashi mnaijua, lakini niseme jambo moja ambalo naona mnaanza kulidharau. Uzi hutiwa wanga ili usikatike mtamboni. Huo wanga lazima utoke wote, vinginevyo shashi haifyonzi kitu, ni mapambo. Chemsha, suuza, chemsha tena. Kisha kausha kipande kimoja, udondoshe tone la maji juu yake. Tone likikaa juu linang'aa, rudisha kwenye sufuria. Likizama papo hapo, anika zilizobaki. Siku za kuanika nilizipenda kuliko zote. Ua mzima ulikuwa mweupe, upepo wa mlimani ukishuka shashi zote zinainuka pamoja, na mimi katikati nikisahau jina langu.

Siku moja kama hiyo ndiyo alifika Sista Benedikta, muuguzi wa hospitali ya misheni kule juu upande wa Mgeta. Mtawa mrefu, mwenye haraka, miwani imeshikiliwa na plasta. Alikuwa amebeba kipande cha kitambaa cha kufunikia vidonda, cha mwisho kilichobaki kwenye msaada waliotumiwa kutoka nje. Akakiweka juu ya meza na kukibandua mbele yetu, tabaka baada ya tabaka.

La chini ni wavu laini usiogandana na nyama. La katikati ni sifongo. La juu ni plastiki nyembamba yenye gundi, inayoziba pasipite hata pumzi, na mrija umetoka katikati yake. Mrija unaenda kwenye chupa, chupa inaenda kwenye pampu. Hewa ya ndani ikinyonywa, plastiki inabana, sifongo inanywea, uchafu unapanda kwenye mrija, na nyama mpya inaanza kuota toka chini.

"Kidonda kinanyonywa?" Mzee Kobelo aliuliza.

"Kinanyonywa taratibu, mchana kutwa," alisema Sista. "Ila vitambaa hivi vimekwisha, na vingine sijui vitakuja lini. Mnaweza?"

Nikatazama kile kitambaa nikaona kama amenisimulia ndoto niliyowahi kuota. Mzee Kobelo akasema tunaweza, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kujibu.

Sifongo ndiyo ilitusumbua. Za godoro zipo za kila aina mjini, lakini nyingi vitundu vyake vimezibwa, kila kimoja na nyumba yake. Tunayoitaka ni ile ambayo vitundu vinapitana. Tulikuwa tunaibana mdomoni na kupuliza. Pumzi ikitokea upande wa pili, tunanunua. Wenye maduka walituona wendawazimu, na mmoja alituuliza kama godoro lenyewe ni la baragumu. Halafu tunaichemsha kwa mvuke kama wanavyochemsha vyombo hospitalini, ikibomoka tunaitupa. Tulizitupa nyingi. Iliyosalia tukaichukua, chini tukaweka shashi yetu iliyofumwa kwa uzi laini kuliko wote, juu plastiki tuliyoagizia Dar es Salaam.

Mzee Kobelo akatandika yote matatu, akashika mkasi, akakata mara moja. Kingo zikakutana. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba, akatabasamu. Vilikuwa vizuri kweli, mraba kamili, ukiviona unatamani kuugua. Sista akaondoka navyo.

Baada ya siku chache alirudi, uso umemshuka. Akatueleza juu ya Veronika.

Veronika alikuwa mkulima wa kabichi na karoti kule Mgeta. Aliteleza kwenye tuta akaangukia jembe, akafunga jani na kuendelea na kazi, kama wanavyofanya. Alipofikishwa hospitali kidonda kilikuwa kimechimba kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Wakamsafisha, wakamwekea kitambaa chetu. Pampu yao ni ya kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga kidogo, chupa inavuta, na inatakiwa ikae muda mrefu ndiyo ukanyage tena. Kwa kitambaa chetu ilikuwa ukiacha tu, mvuto unakwisha. Mjomba wake alikuwa anakanyaga tangu alfajiri, chupa haishiki.

"Na ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe, imelowa," alisema Sista. "Mzee Kobelo, kazi yako ni safi. Lakini umekata yote sawa."

"Ndivyo inavyotakiwa," Mzee Kobelo alisema.

"Nguo, ndiyo. Hapa sifongo iingie ndani ya kidonda, isiguse ngozi nzima. Plastiki ndiyo itoke nje, pana, ishike ngozi kavu pande zote. Kingo zote zikiwa mahali pamoja, gundi haina pa kushika. Hewa inapita hapo hapo."

Nakwambieni, ni watu wa kiwanda cha nguo tu wanaoweza kukosea namna ile. Tulikuwa tumejifunza kazi vizuri mno. Mzee Kobelo alienda kukaa nje kwa mbuzi. Aliporudi alisema kwa sauti ya msiba, "Zisikutane?" Sista akasema zisikutane. Mzee Kobelo akaanza kukata: shashi ndogo, ncha zake amezikunja kwa ndani ili uzi usibaki kwenye nyama, sifongo aliyoikata mbali na shashi, chembe zisiidondokee, kisha plastiki pana kuliko vyote. Alipomaliza, vilikaa kama matuta ya kwao, kila ngazi pana kuliko iliyo chini yake. Hakufumba macho safari hii.

Magoti yake hayakuwa ya kupanda mlima, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda na Sista kwenye gari la misheni, bahasha za vitambaa mapajani. Barabara ile inazunguka na kuzunguka, ukungu unaingia dirishani, unaona kabichi, halafu huoni kitu, halafu kanisa linatokea angani peke yake. Mwisho Sista akaniambia ukweli. Daktari alikuwa amesema kidonda kikiendelea hivi, sumu itaingia kwenye damu, hivyo bora mguu ukatwe. Na mjomba alikuwa ameshakubali.

Huko Uluguruni mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba akisema, imesemwa.

Tulipoingia wodini machela ilikuwa imeshasogezwa kando ya kitanda. Veronika alikuwa amelala akitazama dari, mwanamke mwembamba mwenye viganja vipana. Mjomba wake, Mzee Lukas, alisimama pembeni ameshika kofia kwa mikono miwili. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kwa uchovu wa pampu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Sista.

"Milele amina. Sista, msinicheleweshe," Mzee Lukas alijibu. "Mama yake huyu alikufa kwa kidonda kama hiki. Tulikuwa tunauonea huruma mguu. Dada yangu nimemzika mwenyewe. Sitamzika na mwanawe."

Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikainama kwa Veronika, nikampa pole, nikamuuliza yeye anasemaje.

"Mjomba ameshasema," alinong'ona. Kisha akanishika mkono. "Dada, shamba langu limesimama kama ukuta. Kwa mguu mmoja nitalipanda vipi? Nitakaa chini niwaangalie wenzangu mpaka nife."

Daktari alikuwa mlangoni. Alisema homa imeshuka tangu jana, angeweza kusubiri kidogo kama kitambaa kipya kitashika; kisiposhika, kusubiri ni kumuua. Waseme wenyewe. Mzee Lukas akatikisa kichwa, akaishika machela.

Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri. Nilivua viatu, nikapanda kwenye machela, nikalala chali, nikajifunika kanga usoni.

"Huyu vipi?" nikamsikia Mzee Lukas.

"Mzigua," alisema Sista, kana kwamba anataja ugonjwa.

"Shikamoo, mjomba," nikasema chini ya kanga.

"Marahaba. Ondoka hapo."

"Siondoki. Nyie Waluguru siku hizi mnafanya msiba hamwiti watani?"

"Msiba gani? Mtu yu hai huyu!"

"Mguu je? Mkishaukata mnaupeleka wapi? Si mnauzika? Basi huo ni msiba, na mtani nipo, na haki yangu sijapewa. Hii machela haiendi popote."

Chini ya kanga kila kitu kilikuwa cha rangi ya chungwa, na moyo wangu ulipiga mpaka nikadhani machela inatikisika. Niliogopa. Nilifikiri nimemtania mtu mbele ya kifo cha mpwa wake, na safari hii atakasirika. Halafu mtu akacheka. Alikuwa Veronika. Kicheko kidogo, chenye kikohozi, kikafuatwa na cha mama wa kitanda cha jirani, na mwisho kabisa nikamsikia Mzee Lukas akicheka na kulia kwa pamoja. Akakaa kitandani kwa kishindo.

"Unataka nini, Mzigua? Jogoo?"

"Majogoo yenu yamekonda kwa kupanda milima. Nipe huo mguu mpaka Jumapili. Na pampu ukanyage wewe."

"Na kisiposhika?"

Nikafunua uso. "Machela nitaisukuma kwa mikono yangu mwenyewe."

Mzee Lukas akavaa kofia yake na kwenda kukaa kwenye kiti cha pampu.

Sista akasafisha kidonda, akakausha ngozi ya pembeni kwa subira iliyonifanya nitake kupiga kelele. Shashi. Sifongo, ameikata ienee ndani na isitoke nje. Plastiki, akaitandaza toka katikati kwenda pembeni, akipapasa kila kona. Mzee Lukas akakanyaga. Sifongo ikatetemeka, ikanywea, ikazama. Akaacha. Wote tukasubiri, na ikabaki imezama. "Kanyaga," alisema Sista, asiyeamini vitu upesi. Mzee Lukas akakanyaga tena kila alipoambiwa, na hata asipoambiwa, kwa hofu.

Kesho yake alasiri ukungu uliingia wodini kupitia madirisha yaliyo wazi, ukapita kati ya vitanda kama mgeni anayetafuta ndugu yake. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la barazani namenya njegere na kina mama wanaouguza. Kanyagio lilikuwa linasikika ndani, tap, halafu kimya, tap. Nikasinzia. Niliota nipo kwenye kiwanda kile kikubwa, mitambo yote imesimama na vitambaa vyeupe vinashuka toka darini bila sauti, nami nimeinua mikono kuvipokea. Kilichoniamsha ni ule ukimya. Kanyagio halikusikika.

Njegere zilimwagika. Nilikimbia ndani. Mzee Lukas alikuwa amelala, paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, mguu umeteleza toka kwenye pampu. Sikujua tangu saa ngapi. Nikasema basi, imekwisha, na machela nitaisukuma.

Veronika alikuwa macho. Aliweka kidole mdomoni.

"Mwache alale," alisema. "Amelala tangu kengele ya mchana."

"Na pampu?"

"Imeshika. Mimi naitazama."

Nikatazama nami. Sifongo ilikuwa imezama vile vile, imekaza chini ya plastiki, na kwenye mrija tone moja lilikuwa linapanda polepole, likifuatwa na jingine. Nilikaa sakafuni kwenye ule ukungu, nikalia kwa furaha mpaka kanga ikalowa.

Jumapili baada ya misa daktari alifungua. Shashi ilitoka bila kung'oa kitu, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, ina chembechembe, safi. Aliinamia pale kwa muda, akanusa, akasema kisu hakitahitajika. Likishajaa shimo atachukua ngozi ya paja aipandikize. Mzee Lukas akainama akashika unyayo wa yule mpwa wake na hakuuachia upesi. Nilipomsimulia Mzee Kobelo yote hayo aliuliza kitu kimoja tu, kingo zilikaaje. Nikamwambia hazikukutana hata moja. "Mungu atusamehe," alisema, na akaenda kunoa mkasi.

Vitambaa vya namna ile tulivitengeneza kwa miaka mingi baadaye, na nyie mmevikuta vina mashine zake za kukatia na majina ya kupendeza. Vimeenda hospitali ambazo sijawahi kuziona, kwa watu ambao sitawajua. Vilivyoshika sikuletewa habari, na ndivyo ilivyo kazi yetu. Lakini siku ambayo Veronika aliruhusiwa nilikuwapo, nilikuwa nimepeleka bahasha nyingine.

Alitoka mlangoni ameshikilia ukuta. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kwao imepanda mlimani nyekundu na yenye utelezi. Mjomba wake alikuwa amembebea mzigo na kumkatia fimbo. Veronika akavua kandambili, akashusha ule mguu ardhini kwa uangalifu, akauegemea wote. Uso ukamkunjamana.

"Unauma?" Mzee Lukas alirukia mkono wake.

"Unauma," alisema Veronika, anacheka, machozi yanamtoka. "Niachie mjomba, acha uume. Ni wangu."

Akaanza kupanda, nasi tukamfuata nyuma.